Vikaratasi vya Sista Dominika

Benchi la Hilda muuza kahawa, pale nyuma ya stendi ya Moshi, ni ubao mmoja juu ya matofali, na wanaoukalia wanajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Kahawa chungu inachemka kutwa. Jumanne ile, saa tisa alasiri, alifika Thadeus fundi kompyuta, ambaye kijiwe kimempa jina la Injinia. Macho mekundu, shati la juzi. Alikuwa ametoka zahanati ya misheni kule Kirua Vunjo, na alichotaka ni watu waongee sana ili yeye asiongee.

— Mangi, ile kompyuta ya Sista imeamka? Aliuliza Ronald, muuza kava za simu, anayeitwa Satelaiti kwa kuwa hakuna habari inayompita.

— Bado, alisema Thadeus, akatazama kikombe chake.

Kisa chenyewe kijiwe kizima kilikijua. Sista Dominika alikuwa nesi wa watoto wenye kifafa. Vipimo vya dawa zao aliviweka kwenye programu kongwe isiyokubali kompyuta za siku hizi, basi Thadeus akamtengenezea kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na umbo, inayoishi ndani ya ile ya mezani, na humo programu yake ikaendelea kufanya kazi. Machi Sista akafariki. Jumamosi iliyopita Thadeus akaboresha mfumo na programu zote za kompyuta ya mezani, na ile ya ndani ikagoma kufunguka. Kliniki ni kesho. Watoto arobaini na wawili.

— Si kulikuwa na kadi za karatasi? Aliuliza mzee Antoni, mpagazi na baadaye kiongozi wa watalii mlimani kwa miaka thelathini. Wanamwita Kilele.

— Kadi tuliwashia moto wa kuchemshia ndizi za mbege, pombe yetu, siku ya jubilei ya zahanati, alisema Hilda. Nilikuwa jikoni. Injinia mwenyewe ndiye aliyetuambia chomeni, kila kitu kiko kwenye mashine.

— Na mbege ulikunywa, Injinia? Aliuliza mzee.

— Nilikunywa.

— Mimi nakwambia ni memori, alisema Satelaiti. Umeweka kompyuta mbili kwenye nyumba ya mmoja. Lazima zigombane.

— Memori inatosha.

— Basi kuna mtu kaishika kutoka huko juu. Hizi apdeti unadhani zinakuja bure? Jamaa wako ng'ambo, wanajua mpaka mtoto gani wa Kirua kaanguka leo. Wakiona kitu cha zamani wanakibana mpaka ununue kipya.

— Hao ng'ambo wana haja gani na Kirua? Hilda aliuliza, akimwaga machicha ya kahawa. Mimi naona ni Sista. Nani alimwambia kwamba kompyuta yake inaguswa? Chukueni jani la isale, lile la kuombea msamaha, mpande hadi kaburini, mumwombe msamaha. Itafunguka.

Satelaiti alicheka. Thadeus hakucheka, maana maneno ya kuomba msamaha ndiyo aliyokuwa akiyatafuta tangu asubuhi.

Aliwadanganya. Kompyuta ile ilikuwa imeamka.

Sista hakuwahi kuizima ile ya ndani. Umeme wa Kirua unakatika ovyo, na Thadeus ndiye aliyemfundisha: usizime, ilaze tu, kesho utakuta kila kitu pale ulipokiacha. Miaka minne aliilaza na kuiamsha, na programu ile kongwe huhifadhi kazi pale tu inapofungwa. Baada ya maboresho, kioo kikampa Thadeus njia mbili: aiache, au atupe kilicholala aanze upya. Siku ya tatu bila usingizi, akabonyeza tupa. Ikawaka vizuri kabisa, naye akacheka peke yake mle ofisini kama mwendawazimu. Kisha akafungua programu. Tarehe ya mwisho ilikuwa Juni, miaka minne nyuma, na baada ya hapo hakukuwa na kitu.

Mzee Kilele alikuwa bado anafikiri.

— Sikiliza, mbe. Kule juu, mgeni akipandishwa haraka akaanza kutapika, hatubaki naye pale tukimbembeleza. Tunamshusha. Tunamrudisha kambi aliyokuwa mzima, na huko huko anafumbua macho. Wewe umeipandisha. Ishushe.

— Meku, mzee wetu, hii ni kompyuta, siyo Mzungu, alisema Satelaiti.

Lakini Thadeus aliweka kikombe chini. Mzee alikuwa amepatia. Toleo la zamani la programu ya kompyuta pepe, lile lililoilaza kompyuta ya ndani, lingeweza kuiamsha bila kutupa chochote, nalo lilikuwa kwenye flashi mfukoni mwake. Kazi ya nusu saa.

— Mzee, mbona hukusema hivi jana?

— Jana hukuniuliza.

Ndipo akatokea Yuditha, mama wa Kirua, kanga imefungwa kiunoni, amekuja moja kwa moja kutoka stendi.

— Shikamoo mzee. Habari zenu. Injinia, nimekufuata wewe. Mlinzi wa zahanati kanieleza mashine imewaka tangu asubuhi.

Benchi lote likamgeukia Thadeus.

Yuditha alitoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa. Wote waliijua. Sista alikuwa akisaga dawa, akapima, akakunja kikaratasi kimoja kwa kila asubuhi na kukichora jua, kwa sababu hakutaka kina mama wahangaike na vijiko. Kabla ya kufa aliacha vya kutosha hadi kliniki ya kesho.

— Hiki ndicho cha mwisho, Kindness wangu kanywa leo. Mnajua Sista alitafuta kipimo cha huyu mtoto miaka miwili, na kwenye hiyo miwili ndipo alipoangukia motoni. Siwezi kuanza tena. Nesi mpya ameniambia nikuulize wewe. Humu alikuwa anaweka kiasi gani?

Thadeus alikipokea. Kilikuwa kitupu, safi, mtoto alikuwa amekiramba. Ndani ya programu Kindness alikuwa bado na miaka mitatu na kilo kumi na tatu.

— Hata kama ni nusu kidonge, niambie tu nusu, alisema Yuditha.

— Sijui, mama Kindness. Vipimo vya miaka minne nimevitupa mimi mwenyewe. Leo asubuhi.

Yuditha hakuonekana kuelewa. Alimtazama Satelaiti, akamtazama Hilda, akamtazama mzee.

— Basi nyie? Si mlikuwa mnazungumza hayo hayo?

Hilda aliinamia birika, na mzee Kilele akavua kofia. Yuditha akachukua kikaratasi chake, akakikunja kwa mikunjo ile ile ya Sista, akakirudisha kwenye pochi.