Bi Mkasi na Kipande Kikavu

Marehemu, ambaye kiwandani na mtaani alijulikana zaidi kwa jina la Bi Mkasi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa dobi, na watoto wake walikua wakipenya katikati ya mashuka yaliyoanikwa.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1969. Kemia aliipenda. Yeye na hesabu walivumiliana tu.

Januari 1970 aliajiriwa katika chumba cha ukaguzi cha kiwanda cha nguo. Alikata kipande katika kila jora la kitambaa na kukipima kabla jora halijaingia kwenye rangi. Kipande kilipimwa kikavu, hakijaguswa na dawa yoyote. Kikishalowa, alisema, kinadanganya. Aliishika sheria hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2006.

Mumewe alimpata humo humo. Fundi umeme alikuja kubadilisha taa juu ya meza yake, akajisifia shati jipya la pamba tupu. Bi Mkasi alikata ncha ya pindo, akaiwasha kwa kiberiti. Ikayeyuka.

“Kaka yangu, umeuziwa plastiki mchana kweupe.”

“Na shati langu je, dada?”

“Lete nikupigie kiraka.”

Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1976. Mzee huwaambia watoto mpaka leo kwamba mama yao alimkata kwanza, akampenda baadaye.

Mwaka 2017 alianza kuumwa kichwa upande wa kushoto, kwenye panja, kati ya jicho na sikio. Kitana kikigusa nywele, aliruka. Akitafuna, taya zilichoka kabla hajashiba. Siku moja jicho la kushoto liliingia giza kwa muda mfupi, likarudi. Daktari alishuku kwamba mishipa ya damu ya kichwani imevimba kuta zake. Alisema watakata kipande kidogo cha mshipa wa panja, kwa ganzi, kikachunguzwe kwa darubini.

“Lakini vidonge anza leo hii, mama. Usingoje kipande. Tunayawahi macho yasipofuke.”

Aliitikia vizuri. Nyumbani akavitia vidonge kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni. Binti yake mkubwa alivikuta.

“Mama, mbona pakiti haijafunguliwa?”

“Wakate kwanza, mwanangu. Nikimeza sasa, watapima dawa badala ya ugonjwa.”

“Daktari ndiye kasema umeze!”

“Daktari hajakata vipande vingi kama mimi.”

Ndivyo alivyoamini. Hakujua kwamba alama za ugonjwa ule hubaki kwenye mshipa hata baada ya siku kadhaa za dawa. Jicho ndilo lisilosubiri.

Asubuhi ya kwenda kukatwa, jicho la kulia likiwa bado amelilalia kwenye mto, alimwambia mumewe, “Mzee, hebu fungua pazia.”

“Mbona liko wazi?”

Fundi umeme, kwa mazoea ya kazi, alitazama taa kwanza. Kisha akamtazama mkewe.

Kipande kilikatwa siku ile ile, na majibu yalithibitisha alichoshuku daktari. Jicho la kushoto halikurudi. Alimeza vidonge bila kukosa, na la kulia likabaki. Kwa jicho hilo alimwona mjukuu wake wa mwisho akizaliwa, akamshonea shuka za kitoto, mishono imenyooka. Na kila aliyelalamika mbele yake kuumwa panja na kuchoka taya, alimshika mkono: “Twende hospitali sasa hivi. Na wakikupa dawa, meza. Kipande kitakatwa tu.” Jirani yake wa ukuta mmoja alipelekwa hivyo mwaka 2021. Anaona kwa macho yote mawili, na leo yupo hapa miongoni mwa waombolezaji.

Ugonjwa ule ulikuwa umeugusa pia mshipa mkuu wa kifuani, na mshipa huo ukatanuka polepole. Ulipasuka tarehe 9 Juni 2024. Alifariki akiwa njiani kwenda hospitali, kichwa chake mapajani mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu sita, na dada yake mdogo. Mkasi wake amemwachia binti mkubwa, yule aliyefungua kabati.

Mama, pumzika kwa amani. Pazia liko wazi.