Taya Langu na Ndoa ya Veronika

Wapendwa, Bwana wetu apewe sifa asubuhi ya leo. Nimesimama mbele yenu na kinywa kinafunguka, na wanaonijua wanajua kwamba hilo si jambo dogo.

Mimi ni mfumaji wa nyavu. Nilizaliwa Yanonge, lakini tangu kabla ya uhuru naishi hapa mjini, karibu na mto. Kila fundo la wavu nililikaza kwa meno, kama baba yangu, kama babu yangu. Kwa maneno pia sikuwa mchoyo. Mke wangu, Mama Agnes, husema nikianza hadithi chakula kinapoa na mgeni anasinzia.

Mwaka wa uasi tulikimbilia msituni, ng'ambo ya mto, tukakaa miezi. Wenye silaha walipita karibu yetu kila siku. Mtoto akikohoa, tumekwisha. Ndugu zangu, mimi sikulia, wala sikuomba kwa sauti. Nilikaza meno. Hata usingizini niliyasaga, mpaka Mama Agnes akawa ananiamsha kwa kuogopa tusisikiwe.

Vita vikaisha, tukarudi mjini, watu wakaanza kucheka tena. Taya langu halikupata habari. Palianza kuuma hapa mbele ya sikio, na kila nikitafuna linalia ko, ko. Mwishowe kinywa kikagoma kufunguka hata upana wa kidole, na maneno yakawa yanatoka kwa shida. Nilienda sokoni kwa mtu mwenye koleo, akaning'oa magego mawili. Yalikuwa mazima. Maumivu yakabaki palepale, nami nikabaki na mapengo. Hapa kanisani mliniwekea mikono, mkamkemea pepo bubu. Siwalaumu, hata mimi nilikuwa nimeanza kumtafuta huyo pepo.

Ndipo familia moja ya Isangi ikaja kumposa binti yangu Veronika. Mnajua desturi yetu: mazungumzo yote tonton, mjomba wa binti, anaweza kuyafanya, lakini neno la mwisho la kumtoa mtoto lazima litoke kinywani mwa baba yake, akiwa hai. Hakuna wa kumsemea. Wageni wakaketi, nikasimama. Taya likakwama. Ilitoka sauti tu, bila neno. Mama Agnes akawaeleza kwamba naumwa, lakini mzee wao akatikisa kichwa.

"Mugonjwa gani anafuma nyavu kutwa? Papa, kama unakatala, sema tu unakatala."

Hata kukataa sikuweza kusema. Wakangoja kidogo, kisha wakateremka mtoni kwenye pirogi, mitumbwi yao, wakarudi Isangi.

Veronika hakunigombeza. Kila asubuhi alinipikia uji, akauweka mbele yangu, akageuza uso. Uji ule ulinishinda kumeza. Nasema wazi, nililia. Nikaomba moyoni: Bwana, kama maneno mengi yamekwisha, nipe hilo moja.

Baada ya siku chache Mama Agnes alinivuta mpaka zahanati, kwa muuguzi mmoja, mama mkali. Niliogopa koleo la pili. Yeye akaweka vidole mbele ya masikio yangu, akanifungulisha na kunifungisha kinywa polepole, kisha akauliza kazi yangu. Uzi nilikuwa nao mfukoni. Nikafunga fundo nimwonyeshe, nikaling'ata.

"Wacha, Papa," akasema. "Alors, meno haikukuwa na kosa. Ni kiungo ya taya ndiyo imechoka. Unaikaza muchana, unaikaza ukilala. Itapumuzika wakati gani?"

Akaniamuru kitambaa cha maji ya moto mashavuni, asubuhi na jioni. Ndizi za kuponda na samaki wa kuchemsha, makasu, zile kokwa ngumu za kutafuna, hapana. Kufungua kinywa taratibu, ulimi ukigusa juu. Fundo nilivute kwa kijiti. "Na midomo ifungane, lakini meno isigusane. Ukijikamata unakaza, legeza."

Ndugu zangu, nilijikamata siku nzima! Nikisikia gari la askari, nimekaza. Nikikasirika, nimekaza. Kumbe nilikuwa bado msituni. Basi kila nikilegeza nilisema moyoni, Bwana, umeshanitoa kule.

Haikuwa kazi ya siku moja. Kinywani kikaingia kidole kimoja, baada ya majuma vikaingia viwili, mwisho vitatu. Mama Agnes akatuma habari Isangi, na wale watu, Mungu awabariki, wakakubali kurudi.

Nilisimama mbele yao. Nikasema, "Siyo kama nilikatala. Nilikuwa mugonjwa. Veronika ni mutoto wangu, na leo ninamutoa kwa kinywa yangu mwenyewe." Kisha, mnanijua, nikaendelea. Nikasimulia utoto wake wote, na alivyonyamaza kule msituni bila kukohoa, mpaka mzee wa Isangi akaanza kuutazama mto. Veronika akanishika mkono, anacheka na machozi yanamtoka.

"Papa, imetosha. Neno moja ilikuwa inaenea."

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenisikia nilipokuwa sina sauti, na namshukuru kwa mikono ya yule mama. Anayeumwa hapa asifiche, mficha maradhi kifo humuumbua. Aende zahanati, na aombe njiani. Na wewe uliyerudi pamoja nasi kutoka msituni lakini umekaza meno mpaka leo, hapo hapo kwenye benchi, mwamini Bwana. Legeza, ndugu yangu. Tumeshafika nyumbani.