Mshipa wa Fundi Koki

Vijiwe viko vingi duniani, lakini hivyo vingine vyote ni matawi. Makao makuu ni benchi lililo nje ya duka la kinyozi Wembe, lenye miguu mitatu na tofali moja. Hapo pana sheria moja tu, na haikuvunjwa hata siku nyumba ya jirani iliposhika moto: chupa ya kahawa ni moja, kikombe ni kimoja, na mwenye kikombe ndiye msemaji. Wengine wafunge midomo mpaka kiwafikie. Ndiyo maana jioni hiyo Fundi Koki, fundi bomba asiye na mpinzani mitaa saba, alikaa katikati ya wenzake kama mgeni. Daktari alikuwa amemkataza kahawa. Kikombe kikawa kinampita puani, na maneno yanampita pamoja nacho, na maneno yenyewe yalikuwa juu ya mwili wake.

Wembe alishika kikombe mkono huu, karatasi ya hospitali mkono ule.

— Mshipa wa figo la kushoto umebana. Figo halipati damu ya kutosha, basi linadhani mwili mzima umekaukiwa, linapiga kelele presha ipandishwe. Vidonge aina tatu, mwaka mzima, presha haisikii. Mapafu yameshajaa maji mara mbili. Kesho asubuhi wanaingiza mrija kwenye kinena, wanaupandisha hadi figoni, wanajaza kiputo kilicho nchani mwake, mshipa unatanuka, kisha wanaacha wavu mdogo wa waya uushikilie.

Tela, dereva mstaafu wa malori, alipokea kikombe kwanza ndipo akashangaa.

— Kinena! Figo liko mgongoni, wao wanaanzia mguuni. Mnajua kwa nini? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Huyu aliambiwa apunguze chumvi, akaziba masikio. Guu lenyewe ndilo hilo.

— Lete hapa, — Wembe akakivuta. — Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa hawa wanaziba au wanatanua? Wakitanua, ukuta tunajenga sisi?

— Nipe! Lori langu liliwahi kuzibwa bomba la mafuta mlimani. Nikalipuliza kwa mdomo, pumzi moja tu. Lori likaondoka bila mimi! Nililikuta mpakani, limeegeshwa vizuri, taa zimezimwa. Kesho mfungeni Koki kamba, la sivyo ataondoka na kitanda.

— Shida si hiyo, — Wembe akakinyakua tena. — Mafigo ni mapacha. Ukimnunulia mmoja viatu, mwenzake analia. Wakilifungulia la kushoto, la kulia litagoma. Haba na haba hujaza kibaba!

Koki alicheka nao, lakini macho hayakuwa kwao. Alikuwa anazitazama kucha zake zenye kutu ya miaka thelathini, na akilini alikuwa ndani ya nyumba moja ya zamani ambayo hakupenda kuikumbuka.

Mkewe akatokea kwenye kona, na mfuko wa nguo za hospitali begani.

— Karibu, shemeji! — Tela akakipokonya kikombe, akakiinua. — Tunamshauri mzee wetu hapa, tangu saa tisa.

— Ahsanteni. Na yeye mwenyewe anasemaje?

Wembe alimtazama Tela. Tela alikitazama kikombe. 

— Hakuwa na kikombe, shemeji, — Tela akasema taratibu.

Mke wa Koki akaitikisa chupa. Tupu. Akakichukua kikombe mkononi mwa Tela, akakifuta kwa kiganja, akamshikisha mumewe.

— Kahawa imekwisha, baba watoto. Shika hivyo hivyo.

Koki alikishika kwa mikono miwili.

— Kuna nyumba moja, — akaanza, — bomba lake lilijaa kutu, maji hayapandi juu. Nikaingiza waya. Polepole, kama ninavyojua. Likapasuka ndani ya ukuta. Hapa nimewaambia miaka yote kwamba mwenye nyumba alifungua maji kwa pupa. Si kweli. Hakuna aliyekosea. Bomba lilikuwa limezeeka tu. — Akakizungusha kikombe. — Na mimi nimezeeka, mama watoto.

Hakuna aliyenyoosha mkono kuomba zamu. Mkewe akakaa mwisho wa benchi, upande wa tofali, bega likigusana na la mumewe.

— Daktari umemwambia hofu hiyo?

— Bado.

— Kesho utamwambia kabla hajagusa kitu. Nikiwepo.

Koki akaitikia kwa kichwa, kisha akamnyooshea Wembe kikombe, kama sheria inavyotaka. Wembe akakirudisha kifuani pa Koki.

— Endelea, Fundi. Hujamaliza.