Plagi Nne kwa Pamoja

Benchi letu liko mbele ya duka la vifaa vya shule, upande wa ukuta unaopata kivuli hadi saa nne asubuhi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na kila mtu ana sehemu yake hata asipokuwepo. Bosi, aliyeendesha basi la abiria miaka thelathini, hukaa mwisho wa kulia ili anyooshe goti lake bovu. Redio, fundi cherehani, hukaa katikati, kwa sababu akikaa pembeni anahisi upande mmoja haumsikii. Fundi Friji hukaa kushoto na begi lake la vifaa miguuni. Mimi huketi kati yake na Redio. Hapa naitwa Milimita: nilifundisha takwimu chuoni, na siku yangu ya kwanza niliupima ubao huu nikawaambia umeinama. Dada wa kahawa hatuketi naye. Husimama na birika lake, anamimina na anasikia yote. Jumamosi hiyo gari la mke wangu lilikuwa hatua tano mbele yetu, boneti wazi, injini ikitetemeka kama mgonjwa wa homa.

— Zima kwanza, bwana, alisema Bosi. Kikohozi hicho kinanitia kichefuchefu.

Nilizima. Nilikuwa nimeliendesha mita mia nne kutoka nyumbani, na zilinichukua dakika sita.

Wote walijua kwa nini nina haraka. Saa kumi jioni binti yangu angeshuka kituo cha mabasi akiwa na sanduku tupu. Sanduku hilo ni la nguo zangu. Anataka nihamie kwake. Chumba kipo, wajukuu wapo. Nilimwambia kwenye simu kwamba ninajiweza. Akasema, "Basi, Baba, njoo unipokee na gari la Mama. Ukija, sitalitaja tena jambo hili. Nisipokuona, tunafungasha." Nilikubali bila wasiwasi, maana siku hiyo gari lilikuwa zima. Siku mbili baadaye nilibadilisha plagi za injini, na tangu hapo linamisi, moto unakatikakatika.

— Plagi ulinunua wapi? aliuliza Bosi.

— Duka la vipuri, kona ya pili.

— Feki hizo.

— Nimezipima. Mwanya wa kurushia cheche ni sifuri nukta tisa milimita, zote nne.

— Feki nayo ina vipimo vyake, alisema Redio. Shati hili ni feki, na vifungo vyote vipo.

— Hilo si feki, Redio, alisema Dada wa kahawa. Hilo umelishona mwenyewe.

Bosi alicheka hadi akashika goti. Redio alimwacha amalize, kisha akaendelea kana kwamba ametangaza mapumziko mafupi.

— Sikilizeni. Tatizo ni petroli. Gari limekaa. Likikaa, maji yanaingia.

— Maji yanaingiaje kwenye tangi lililofungwa? nilimuuliza.

— Wewe umesoma, mimi nitakuelezaje? Yanaingia.

Fundi Friji, ambaye husema kidogo, alikohoa.

— Mimi nasema hewa. Kuna mahali injini inanyonya hewa baridi. Injini ni friji iliyokasirika tu, ndugu zangu. Mpira mmoja ukipasuka, basi.

— Mpira haujapasuka. Nimeukagua wote kwa tochi.

— Kwa tochi, alisema Bosi. Na rula.

— Na rula.

Redio alikuwa ameshapata nadharia nyingine. Niliiona ikimjia usoni kabla haijafika mdomoni.

— Hizo plagi zimetengenezwa wapi? Nchi ambako watu wanaendeshea upande mwingine wa barabara, siyo? Haya. Moto wake unatokea upande mwingine. Injini yetu inasubiri moto huku, moto unatokea kule. Wanapishana!

— Redio, alisema Bosi, punguza sauti betri isiishe.

— Na jambo jingine. Gari limesimama miezi saba likiangalia ukuta. Wewe ungeangalia ukuta miezi saba, ukiambiwa utoke barabarani usingetetemeka? Tena gari huzoea mguu wa mtu. Miaka kumi na moja linakanyagwa na mguu mmoja, mguu mwepesi, halafu leo linakuja kukanyagwa na…

Redio akainua kikombe.

Kikombe chake kilikuwa kitupu lakini akakinywa hivyo hivyo. Fundi Friji akafungua begi lake, akatazama ndani, akalifunga.

— Dada, ongeza kahawa, alisema Bosi. Halafu jana nimesikia wanataka kuchimba tena barabara ya sokoni.

Hivyo ndivyo ilivyo tangu mke wangu afariki. Wenzangu hawa walimzika pamoja nami. Bosi alilia kuliko mimi. Nilipoanza kurudi kijiweni walikuwa wamekwisha kubaliana, sijui lini wala kwa maneno gani, kwamba wasimtaje mbele yangu. Mazungumzo yakikaribia kumfikia huinua miguu yote, kama watu wanaopisha fagio, kisha huishusha upande wa pili. Wanafanya hivyo kwa upendo. Nimehesabu pia kwamba kwa miezi saba hakuna mtu nje ya familia yangu aliyelitamka jina lake masikioni mwangu. Hata neno "shemeji", walilokuwa wakimwita mtaa mzima ukisikia, limeondolewa hapa kana kwamba ni kiti kilichovunjika.

Tulizungumza kuhusu barabara ya sokoni kwa dakika nne. Kisha nikatoa daftari langu.

— Nilifanya jaribio, niliwaambia. Injini ikiwaka, nilichomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Nikichomoa wa kwanza, injini inazidi kudhoofika. Wa nne, vilevile. Nikichomoa wa pili, hakuna kinachobadilika. Wa tatu, hakuna.

— Basi silinda ya pili na ya tatu hazifanyi kazi, alisema Fundi Friji.

— Naam. Nikahamisha plagi za humo nikaweka kwenye silinda ya kwanza na ya nne. Matokeo ni yale yale.

— Kwa hiyo plagi si feki, alisema Dada wa kahawa.

— Feki zinaweza kuambukizana, alisema Redio, lakini hakuwa na nguvu tena.

Ndipo alipokuja mama mmoja. Hatukumjua. Alikuwa amepanga chumba juu ya duka wiki hiyo, alisema, na amekuja kujaza chupa yake ya chai kwa kahawa. Alikuwa na kanga iliyopauka kiunoni na funguo mpya mkononi, bado zimefungwa kwa waya wa dukani. Alisalimia kila mtu, akampa Dada wa kahawa chupa, akalitazama gari.

— Lina nini?

Watatu wakamjibu kwa pamoja: plagi mpya ni feki, maji, hewa. Alisubiri wamalize.

— Na kabla ya kubadilisha hizo plagi, baba, lilikuwa linasumbua nini?

Bosi alinitazama. Redio alijisogeza karibu asikie.

— Halikuwa linasumbua, nilisema.

— Sasa ulibadilisha kwa nini?

Ningeweza kumwambia ni utunzaji wa kawaida. Ingekuwa kweli. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka jibu tu, hana anachokwepa, na nilikuwa nimesahau jinsi jambo hilo linavyofanana na kupewa maji.

— Mke wangu ana daftari la gari, nilisema. Mstari wa mwisho aliandika: plagi, mwezi wa kumi. Huu ni mwezi wa kumi.

Nilidhani Bosi atarudia habari za barabara ya sokoni. Badala yake alikuwa anaiangalia injini, uso wake umekunjamana.

— Milimita. Ulizichomoa zote kwa pamoja?

— Bila shaka. Nilizipanga kwenye gazeti nizipime.

— Na waya zake?

— Nilizichomoa pia. Nilizisafisha.

— Zote nne?

— Zote nne.

— Lo! alisema Bosi, akainuka kwa goti lake bovu. Shemeji alikuwa anachomoa mmoja mmoja! Hapa hapa, mbele yetu! Anachomoa mmoja, anabadilisha plagi, anarudisha waya, ndipo anagusa mwingine. Mimi nikimwambia toa zote uende haraka, ananiambia, "Wewe endesha basi lako."

— Na hataki mtu amsemeshe, alisema Redio. Mimi aliwahi kunifunga mdomo kwa kitambaa cha oili.

— Ulistahili, alisema Dada wa kahawa.

— Nilistahili! Shemeji yule! Muuguzi, ana wagonjwa sita wa kuwatembelea majumbani kabla ya saa sita, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko, na bado anapata nafasi ya kunitukana!

— Anafunga plagi kwa vidole kwanza, alisema Fundi Friji kwa upole. Spana baadaye. Niliiga kwake. Hadi leo nafunga hivyo kwenye friji.

Sikulijua hilo. Miaka thelathini na miwili tumeishi pamoja, na mimi asubuhi hizo alipokuja hapa na gari nilikuwa nyumbani nikisahihisha mitihani. Nilisimama kati yao nikiwa kama mgeni anayesimuliwa habari za mwenye nyumba. Nilitaka waendelee.

Bosi alikwisha kuinamia injini. Kazi yenyewe haikuzidi dakika moja: waya wa silinda ya pili nilikuwa nimeuchomeka kwenye ya tatu, na wa tatu kwenye ya pili, kwa hiyo kila moja ilikuwa inapata moto wa mwenzake kwa wakati usio wake. Alizibadilisha. Nikaingia nikawasha.

Injini ilitikisika mara moja, kisha ikatulia. Hakuna kikohozi. Redio alipiga makofi peke yake. Fundi Friji aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Nilitazama saa: tatu na dakika kumi. Binti yangu angenikuta kituoni. Sanduku lingerudi tupu, na mimi ningebaki kwenye nyumba yangu, kama nilivyodai.

Nilishuka nikaiacha injini ikiwaka. Walikuwa bado wanasimulia, wakinyang'anyana maneno: siku alipoisukuma tairi mwenyewe mvuani, siku alipomfukuza trafiki kwa kumuuliza amepima lini presha. Yule mama mgeni alikuwa anacheka pamoja nao, chupa imejaa kwapani, hana haraka tena.

— Nami nina kigari changu, kinanitesa, alisema. Sitaki mafundi wa kunizungusha. Huyo mama huja hapa siku gani?

Bosi alifuta mikono yake kwenye suruali, polepole, kidole kimoja baada ya kingine. Dada wa kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe changu, na yakatoka mashapo ya kahawa tu. Wote walingoja mmoja wao alete habari za barabara ya sokoni. Hakuna aliyezileta. Injini ilikuwa inavuma taratibu, silinda zote nne, na hapakuwa na kelele tena ya kujifichia.