Lulu Nne Kwenye Taji

Benchi lile lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, na waliolikalia hawakuwa na hali bora kuliko lenyewe. Liliegemea kibanda cha fundi saa, likitazamana na duka la vifaa vya umeme, na kila alasiri wazee wale wale walilikalia kwa mpangilio ule ule, kama abiria wenye tiketi. Karibu na mlango alikaa Lenzi, fundi saa mwenyewe, aliyepewa jina hilo kwa kile kioo cheusi alichozoea kukibana jichoni akiwa kazini. Alifuatiwa na Hukumu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hata akikataa sukari alitoa uamuzi na sababu za uamuzi. Halafu Nanga, aliyewahi kuwa mpishi melini na ndiye aliyekuja na kahawa kwenye chupa kubwa. Ukiionja kahawa yenyewe hukuhitaji kuuliza kwa nini meli ilimwacha nchi kavu. Mwisho kabisa, juu ya matofali, alikaa Betri, muuza redio kuukuu, ambaye akianza kuongea haishi chaji. Wote wanne walikusanya sarafu za zamani, zile zilizopita mikononi mwa watu mpaka zikawa laini kama kipande cha sabuni kinachokwisha, na kwa wote wanne neno la mwisho kuhusu sarafu lilikuwa la Lenzi.

Siku hiyo Betri alifika amenuna, jambo lililowatia wenzake wasiwasi kuliko kama angekuja anachechemea. Hakusalimia. Aliweka kijisanduku cha plastiki angavu juu ya kreti walilolifanya meza, akarudi nyuma kidogo kama mtu aliyeweka maiti.

Ndani yake ilikuwamo sarafu ya marehemu mama yake, iliyokaa maisha yake yote kwenye kopo la vifungo. Betri alikuwa ameituma ng'ambo, kwa kampuni ya wapimaji. Hao kazi yao ni kuitazama sarafu, kuipa alama kati ya moja na sabini kulingana na ilivyochakaa, kisha kuizibia ndani ya plastiki pamoja na alama yake ili watu wasibishane tena. Aliituma kwa sababu Lenzi aliikagua pale pale kwenye benchi, akasema kwamba taji la mfalme aliyechongwa juu yake limebakiza lulu nne, vile vinundu vya urembo, na sarafu ya aina ile yenye lulu nne haiwezi kupata chini ya ishirini. Kwa kitu kilichochakaa, ishirini ni heshima. Mtu anaweza kuitaja mbele ya wakwe.

Kikaratasi ndani ya plastiki kilisema nane.

– Nane, Betri akasema. Mama yangu wamempa nane.

Nanga akatoa pole kama mtu aliye msibani. Hukumu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema kwamba hilo halikubaliki. Lenzi alikishika kikombe chake kwa mikono yote miwili.

Alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu, hata mkewe. Tangu mvua zilizopita jicho lake la kazi lilikuwa limeingia ukungu, na la pili likawa linalifuata taratibu. Daktari alimwambia ni presha ya macho. Dawa ingelinda kilichobaki, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Lenzi alimshukuru, akaenda zake kazini. Saa aliendelea kutengeneza, kwa kupapasa na kwa mazoea, akiwaambia wateja wa saa ndogo za kike kwamba vipuri vyake vimeadimika. Lakini sarafu ya Betri aliiona vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomnyima raha. Aliziona zile lulu moja moja, zimejipanga. Sasa watu wenye macho mazima walikuwa wamesema hazipo, na kama walisema kweli, basi yeye aliona nini?

Wenzake hawakuwa na swali la namna hiyo. Kwao Lenzi hakosei, kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta kosa la wale wa ng'ambo.

Hukumu alianza kwa utaratibu. Alieleza kuwa kila sarafu hutazamwa na watu watatu, kila mmoja peke yake, ndipo alama zao zinapolinganishwa. Kwa maelezo hayo kampuni inajisifu. Lakini yeye aliyekaa mahakamani miaka yote hiyo anajua kwamba majaji watatu wanaokula meza moja ni jaji mmoja mwenye matumbo matatu. Pengine sarafu ya Betri ilitazamwa karibu na chakula cha mchana, na mwenye njaa huona kila kitu kimeisha.

Nanga alimsikiliza kwa huruma, kisha akasema tatizo liko njiani. Alishawahi kuona magunia ya mchele yakipakiwa bandari moja na kuteremshwa nyingine yakiwa unga, kwa mtikisiko tu. Je, sarafu, iliyosafiri imelala kifudifudi ndani ya bahasha? Lulu zilisuguliwa na karatasi, safari nzima, mwenye mali akiwa amelala nyumbani.

Betri alisema wameibadilisha. Ya mama yake iko mfukoni mwa mtu, na hii ni ya mama wa mtu mwingine.

– Ila hiyo si shida yenyewe, Nanga akasema, kwa sauti ya mtu anayefungua siri ya kazi. Shida ni baridi. Kule kwao kuna baridi ya kupasua chuma. Sasa madini yakiingiwa na baridi yanafanyaje?

– Yananywea, Hukumu akajibu.

– Haya. Lulu zimenywea. Zimeingia ndani. Sarafu imepimwa inatetemeka.

Hukumu alifikiri, akasema hoja hiyo ina mashiko. Betri aliinua kile kijisanduku, akakibana kwapani, akakaa nacho hivyo kwa muda akitazama barabara. Alipokitoa alikichungulia, akakirudisha juu ya kreti, na hakuna aliyekuwa na roho mbaya ya kumwuliza.

Ndipo likaja lile ambalo Lenzi alikuwa akiliogopa. Hukumu alisema dawa ni rufaa, na rufaa ya wakusanyaji inajulikana: unaivunja plastiki, unaitoa sarafu, unaituma upya kana kwamba haijawahi kupimwa. Kesi mpya, majaji wapya. Wengi hufanya hivyo, na wengi hurudi na alama bora. Betri, kumbe, alikuja amejiandaa. Alichomoa koleo kwenye mfuko wa koti.

– Subiri, Hukumu akasema. Ukishavunja, hata hiyo nane huna tena. Na koleo likiteleza likaikwaruza, hawataipa alama yoyote. Lazima tuwe na hakika.

– Hakika tunayo, Betri akasema. Wewe mwenyewe uliziona lulu nne.

– Niliziona, Hukumu akasema.

– Na mimi niliziona, Nanga akasema. Zilikuwa zinanitazama.

Lenzi aliwageukia. Alikumbuka siku ile vizuri. Yeye ndiye aliyeinua kichwa na kusema nne, ndipo sarafu ikazunguka benchi zima, kila mmoja akiisogeza puani na kuitikia kwa kichwa na kusema nne, naam, nne. Kumbe walikuwa wameziona kwa mdomo wake.

– Lenzi, Betri akasema, na sauti yake ikawa ya chini. Wewe ndiye jicho letu. Itazame tena. Ukisema zipo, navunja. Ukisema hazipo, naenda kulala na nane yangu. Sitakulaumu, ndugu yangu.

Wakati huo mwanamke mmoja, mgeni kwao, alikuwa amesimama karibu na mlango wa kibanda, mkoba kifuani, akisubiri wazee wamalize. Lenzi alimwona kama kivuli, akampungia mkono kumwomba subira.

Alitoa kioo chake, akakibana jichoni, akakiokota kijisanduku kwa vidole ambavyo bado vilikuwa vidole vya fundi. Akakisogeza kwenye mwanga. Kwanza ukungu. Halafu, polepole, ukingo wa duara. Halafu taji. Akashusha pumzi. Lulu zilikuwepo, nne, ya tatu ndogo kidogo kuliko nyingine, kama alivyoziacha. Furaha iliyompanda ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa umri wake. Alitamani kumkimbilia yule daktari. Wenzake walikuwa wameinama mbele, wakimtazama yeye usoni, si mkononi.

– Zipo, akasema. Nne. Vunja.

Betri akafungua koleo, akanyoosha mkono kupokea.

– Samahani wazee wangu, yule mwanamke akasema. Hilo taji si liko upande wa pili?

Wakatazama. Upande uliomwelekea Lenzi ulikuwa na shada la majani na thamani ya sarafu, basi. Mfalme, na taji lake, na kikaratasi cha nane, vyote vilikuwa vimelala chini, kwenye kiganja chake.

Hukumu alivua miwani, akaifuta, na safari hii hakuirudisha. Nanga alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Lenzi alikigeuza kijisanduku, taratibu, akatazama tena kwa sababu alikuwa bado na kioo jichoni, na Mungu amsamehe, aliziona na huku pia.

Akakitoa kioo. Akakiweka juu ya kreti.

– Nane yao ni ya haki, Betri. Mimi nilimpa mama yako lulu ninazozikumbuka.

Betri alikuwa bado ameshika koleo wazi. Alilifunga, akalirudisha mfukoni, na ilimchukua muda kupata mfuko ulipo.

– Tangu lini?

– Tangu mvua zile.

– Shemeji anajua?

Lenzi akatikisa kichwa. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu:

– Ile saa yako niliyokurudishia. Niliifunga kwa kupapasa. Inakwenda?

– Inakwenda, Betri akasema, na akauvuta mkono wa koti mpaka ukaifunika saa aliyoivaa.

Yule mwanamke alibaki amesimama katikati ya watu wazima waliokuwa hawajui pa kuweka macho, akajua amevunja kitu ingawa hakujua nini. Akaomba radhi tena. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa saa ndogo ya kike, ya kutia ufunguo, kioo chake hakizidi ukucha. Akasema ilikuwa ya dada yake. Imesimama tangu siku ya msiba wake. Kila aliyemwuliza mjini alimwambia aipeleke kwa fundi wa kwenye benchi, maana yeye hubembeleza hata zilizokatiwa tamaa.

Lenzi aliipokea. Aliifunika kwa viganja viwili, akaisikiliza, kama alivyofanya kwa kila saa tangu ujana wake. Wenzake walidhani ataichukua. Yeye mwenyewe, kwa muda kidogo, alidhani hivyo.

– Hii usiniachie mimi, binti yangu, akasema, akamrudishia.

– Basi niipeleke kwa nani?

Lilikuwa swali la kawaida, la mtu anayetaka kuelekezwa njia. Wazee wale, waliokuwa wanajua hadi saa ya chakula cha mchana ya watu wa ng'ambo, walitazamana. Hukumu alimtazama Nanga, Nanga akamtazama Betri, Betri akamtazama Lenzi, na Lenzi akatazama kule ilikotokea sauti ya yule mwanamke, akingoja, kama wengine, mmoja wao ataje jina.