Sikio la Ofisi Linarudi Nyumbani

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuchapa maneno ya watu, binti yangu anastaafu tarehe 30 Juni. Hapo kwenye ofisi yenu ya nyumba za kupanga mnamwita Sikio. Hilo sikio nimelizaa mimi, kwa hiyo mkinipa ukurasa wa jarida lenu, nitajisifu.

Alianzia chumba cha mwisho kwenye korido, kile chenye feni inayolia, hedfoni kichwani, kanda za malalamiko ya wapangaji zikizunguka. Mlalamikaji akilia, alirudisha kanda nyuma mpaka neno lipatikane. Kubahatisha hakujui. Simsifii kwa kuwa ni wangu. Ni wangu, na ndivyo alivyo.

Vidole vilipoanza kumuuma, na kustaafu kumekaribia, mkubwa wake alimwagiza atafute programu ya kusikiliza na kuandika. Wenzake wakamtania kwamba anajiletea mke mwenza. Yeye hofu yake ilikuwa moja: akiondoka, nani atawasikia wapangaji wazee?

Akajaribu mbili. Ile ya kulipia ilikuwa tayari siku ileile, na hotuba za mkubwa iliziandika bila kukwama. Ila maneno ya wazee iliyaachia mapengo, na sauti zao zilisafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni, huko wasikokujua. Ile huria, ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuirekebisha, haikuwa na bei, wala haikuwa na fundi wa kumpigia simu. Mwanzoni iliandika upuuzi mtupu. Lakini ilikaa kwenye kompyuta ya ofisi, na ilikubali kufundishwa.

Mwalimu akawa nani? Mimi, mpangaji wenu wa siku nyingi, na meno yangu yaliyobaki! Kila nikiwekewa kinasa sauti, niliisalimia kwanza hiyo programu, nikaiuliza habari za nyumbani, nikangoja iitikie. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini hakufuta hata salamu moja. Alisema wazee wote huanza hivyo. Wapangaji wengine wakaja nao kuifundisha, mwaka mzima. Sasa hotuba za mkubwa zinaandikwa na ile ya kulipia, na malalamiko ya wazee yanaandikwa na mwanafunzi wangu. Kwenye salamu hakosei kabisa.

Asanteni wanangu kwa kumtunza. Nawe binti yangu, pumzisha vidole, uje tukae, siku zako ziwe nyepesi. Ofisi usiiwazie. Wewe unastaafu, mimi bado nipo kazini.