Mishale ya Maman Lydie katika Vumbi

Baada ya miaka ishirini na sita, Maman Lydie Mutale, inginia wa programu katika kampuni yetu ya oksijeni hapa Lubumbashi, anapumzika kazi tarehe 30 mwezi wa sita. Nimeombwa kuandika habari zake mimi, sentinelle wa mlango, maana bantu wenye diploma walikuwa na kazi nyingi. Walisema hivyo.

Alikuja na masomo makubwa, na programu yake ya kwanza, ya kuamuru kwa mashine chupa ziende wapi, ilikuwa na vipande vingi kuliko ukoo wangu. Siku moja hospitali ya upande wa Kambove iliomba chupa za oksijeni. Vipande vikaulizana, vikangojana, na chupa zikabaki juani. Dereva Djuma akazipakia bila kuuliza mashine. Zilifika kwa bahati. Maman Lydie hakula siku ile.

Toka hapo akaweka desturi. Mwenye kutaka kuongeza kitu katika programu aje kwanza kwenye mbabula yangu, jiko la makaa pale mlangoni, achore kwa kijiti katika vumbi jekundu, visanduku na mishale, wakati bukari, ugali wetu, iko motoni. Muzee wa mlango akisinzia, mpango unatupwa. Nami nilisinzia vizuri. Niliota mishale ikiruka juu ya mtaa wa Kampemba kama kumbikumbi, kila mmoja ukitafuta nyumba yake bila kuipata. Mipango ya mabwana wakubwa ilifia katika mikoromo yangu. Programu ikabaki na maswali mawili: nani anaomba, chupa gani inaenda. Réseau ya mtandao ikatike, mvua ipige, chupa zinaondoka.

Mwaka huu alikuwa na woga. Guelor, anayemrithi, alileta mpango wa vipande kumi na vinne, na Maman aliona kichwani chupa zikirudi kungoja juani. Hakumgombeza, alimpa kijiti. Guelor akachora, nikasinzia. Akanigusa bega, akaniomba nimvumilie, akafuta, akachora tena. Nikasinzia tena. Maman akanikazia macho, akidhani nafanya makusudi. Haki alikuwa nayo, nusu. Bukari ilipoiva, vilibaki visanduku viwili na mshale mmoja, na macho yangu yalikuwa wazi.

Maman aliutazama mshale ule mpaka upepo ukaanza kuula. Kisha akaomba sahani.

Asante, mama, kwa kila chupa iliyofika. Kule kwako commune ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, ulale usingizi usio na mishale. Huku mlangoni, usingizi wangu bado uko kazini.